Nchi Haienei Katika Neno Moja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Minago, ukingo wa Ziwa Tanganyika)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa ndimi na rangi mbalimbali. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Maneno ya leo yahusu ada moja iliyozoewa na watu wa kila mahali, nayo ni kuichukua nchi nzima, pamoja na watu wake, lugha zao, dini zao na kazi zao, kisha kuifumbata katika neno moja tu. Huyu husema, "Wale ni wajanja." Yule husema, "Wale ni washamba." Wa tatu husema, "Wale ni wakali." Neno hutamkwa kwa pumzi moja, na msemaji huona kwamba nchi imekwisha elezwa. Je, imeelezwa kweli? Hilo ndilo lichunguzwalo hapa, na mfano wa kwanza hauko mbali, uko ufukoni.

Alfajiri, mitumbwi irudipo baada ya uvuvi wa taa wa usiku, ndagala humwagwa chini nao hung'aa kama fedha. Mama aliyeshuka kutoka milimani kuja kununua huona fungu moja, na jina la fungu ni moja. Lakini wataalamu wa samaki wamethibitisha kwamba hao ndagala ni aina mbili mbalimbali, ambazo huvuliwa pamoja na kuuzwa pamoja. Tena ziwa hili, lenye urefu wa kilometa 670 hivi na kina kifikacho mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki wasiopatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Neno "samaki" lamtosha mwenye njaa aliye sokoni. Halimtoshi mvuvi, kwa kuwa mvuvi asiyejua yupi hukaa mawemboni na yupi hufuata taa hurudi nyumbani na mtumbwi mtupu.

Sasa na watazamwe wale wawili pale ufukoni, muuzaji na mnunuzi. Bei ikipatana, kila mmoja humwita mwenziwe ndugu. Bei isipopatana, mama yule hugeuka akasema kwa Kirundi, "Umuswahili!" Naye mvuvi humjibu kwa ukali uleule, "Watu wa mlimani hawa!" Kila mmoja amemfunga mwenziwe katika neno moja, na wote wawili wamekwenda zao wakidhani wamejuana.

Basi hilo neno "Mswahili" latoka wapi? Asili yake ni Kiarabu: "sahil" ni pwani, na wingi wake ni "sawahil". Ibn Battuta, msafiri mashuhuri aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil katika habari za safari zake. Katika asili yake, basi, neno hili halikumsifu mtu wala kumtukana. Lilikuwa jina la mahali: ukingo wa bahari na watu wakaao hapo.

Lakini Minago iko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilometa 1,000. Vipi jina la pwani ya bahari likaja kushikamana na watu wa ukingo wa ziwa? Lilikuja na misafara, ile misafara ya pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, ya watumwa, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, hawakufungua njia mpya. Walifuata njia iliyokwisha fungulia na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani. Na wapagazi katika njia hiyo, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, nao pia walikuwa wamepewa jina na wengine: watu wa pwani waliwaita hivyo kwa kuwa walikaa upande wa magharibi, unakoonekana mwezi mwandamo. Wao wenyewe waliitana kwa pande za nchi yao, kama Wasukuma, yaani watu wa kaskazini, na Wadakama, watu wa kusini.

Misafara hiyo ilipotua ziwani, watu wa namna nyingi walichanganyika. Walikuwako Wamanyema waliotoka ng'ambo, nchi za Kongo, Wabwari wa ile rasi ya Ubwari, Waha wa Ujiji, Wanyamwezi, watu wa pwani, na Waarabu wa Omani. Watu hao waliswali pamoja, wakaoana, wakanena lugha moja. Majina, hata hivyo, yalitegemea bandari waliyoteremkia. Kongo ya mashariki waliitwa Wangwana, na lugha yao Kingwana. Ujiji wengi wao walijulikana kwa jina la Wamanyema. Na huku Urundi waliitwa Waswahili. Tena Mrundi aliyezaliwa mlimani, na baba yake akazaliwa mlimani, alipoingia katika Uislamu, akavaa kanzu na kukaa mjini, naye pia akaitwa Umuswahili, ingawa hakupata kuiona bahari hata siku moja.

Hivyo neno lililokuwa jina la pwani limekuwa jina la dini, kisha la mavazi, kisha la biashara, na mwisho likawa jina la tabia. Mpaka hivi leo mtu aweza kuambiwa kwa Kirundi kwamba amekuwa Umuswahili, na maana yake ni kwamba amekuwa mjanja, maneno yake hayashikiki.

Hapa uadilifu wataka isemwe kweli yote. Shaka ya watu wa milimani haikuzuka bure. Katika karne ya 19 palikuwa na watekaji waliovuka ziwa hili. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitawala Ujiji, na watu wake walishambulia ukingo wa Urundi. Nao wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, waliwazuia wasipenye ndani ya nchi. Mtu aliyechomewa nyumba na watu waliovaa kanzu hana budi kuikumbuka kanzu. Kosa halimo katika kumbukumbu hiyo. Kosa limo katika kumtwisha mjukuu wa mpagazi, ambaye babu yake huenda naye alifungwa mnyororo, deni la yule aliyekuwa ameushika mnyororo. Mtekaji amekufa tangu zamani, neno halikufa naye. Limebaki likitafuta bega la kukalia.

Wala watu wa ukingoni wasijione safi katika jambo hili, maana wahenga wamesema: ngamia haoni nundu yake. Misafara ilikuwa na neno lake la kufumbata nchi zote za bara, nalo ni "washenzi". Mtu wa msafara alipita katika njia mbili tatu, akanunua chakula, akalala, akaondoka. Aliporudi pwani alisema amewaona washenzi. Je, aliona nini? Juu ya milima hii palikuwa na ufalme wenye mpango na mila. Palikuwa na bashingantahe, wazee waliochaguliwa kwa ukweli na busara yao, ambao waliketi wakasikiliza mashtaka ya ng'ombe, mashamba na ndoa, wakahukumu na kupatanisha, na fimbo yao, intahe, ilikuwa alama ya haki. Palikuwa na Umuganuro, sherehe kubwa ya kupanda mtama, ambayo Mwami ndiye aliyeifungua. Ardhi nayo ilikuwa na majina yake: Imbo huku chini ziwani, Mumirwa kwenye miteremko, Mugamba juu kwenye baridi, Kirimiro katikati, Moso upande wa mashariki, na kila sehemu ina mazao yake na desturi zake. Asiyejua Kirundi hakuyaona hayo, na kwa kuwa hakuyaona alidhani hayapo.

Hata neno zuri "ustaarabu", ambalo leo hutumika kwa maana ya adabu na maendeleo, ukilichungua asili yake lamaanisha kujifanya Mwarabu, kushika mwendo wa Waarabu. Watu wa pwani wa zamani walikuwa na neno jingine la kusifia mwenendo mwema, nalo ni "uungwana". Waliolieneza neno "ustaarabu" walichukua nguo ya mtu mmoja wakaifanya kipimo cha kila mwili. Na mwili usioenea nguo hiyo ukahesabiwa kuwa na ila.

Vivyo hivyo na "Ulaya". Neno hilo ni "wilaya" ya Kiarabu, yaani jimbo. Lilizunguka Uajemi mpaka India, na huko "vilayat" ikawa ndiyo nchi ya kwao Waingereza. Hata askari wa Kiingereza wakalichukua wakaliita "Blighty" kwa kuikumbuka nchi yao. Kwa Kiswahili likawa Ulaya, na kwa Kirundi Buraya, na ndani yake wakatiwa Wajerumani, Wabelgiji, Waingereza na wengine wote. Lakini watu wa nchi hii walitawaliwa na Wajerumani mpaka mwaka 1916, kisha wakatawaliwa na Wabelgiji mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Na mzee aliyetozwa kodi na hawa na hawa hakuhitaji kuambiwa kwamba Mzungu na Mzungu si kitu kimoja. Nao Wazungu kwa upande wao waliitazama milima hii wakaiita Uswisi wa Afrika. Katika neno hilo, mvuvi wa Minago, na michikichi ya Rumonge, na joto la Imbo, vyote vimesahauliwa.

Katika mifano hii msikilizaji ataona jambo moja. Neno la namna hii humweleza msemaji zaidi kuliko msemwa. Hueleza mahali aliposimama na umbali alio nao. Msemaji akihama, neno nalo hubadilika, ingawa mtu mwenye kusemwa ni yuleyule.

Ushahidi wa hayo uko Omani. Unguja ya zamani, Mwarabu aliyekuja karibuni kutoka Arabuni aliitwa Mmanga, naye alihesabiwa kuwa mgeni hata akikaa miaka mingi. Yakaja mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wa wenye asili hiyo wakaondoka. Baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme mwaka 1970, wenye asili ya Omani waliokuwa Afrika ya Mashariki walikaribishwa warejee, kwa kuwa nchi ilihitaji watu waliosoma. Walipofika Maskati waliitwaje? Waliitwa Wazanzibari! Wala jina hilo halikupewa waliotoka Unguja peke yao. Walipewa pia waliotoka Mombasa, na Tabora, na hata waliotoka Burundi hii, ambao baadhi yao hawajapata kukanyaga Unguja. Huku aliitwa Mmanga kwa sababu ya babu yake. Kule akaitwa Mzanzibari kwa sababu ya ulimi wake. Mtu ni mmoja, na katika kila bandari amepewa jina la bandari nyingine.

Na ushahidi ulio mzito zaidi hauhitaji safari ya Omani, maana uko katika ukingo huuhuu. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Kisha utawala wa siku zile ukalipiza kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, na waliokufa hukadiriwa kuwa laki moja au zaidi ya hapo. Katika siku hizo mtu hakuulizwa jina lake, wala jirani zake wamjuaje, wala amedhulumu nini. Lilitafutwa neno moja, Mhutu au Mtutsi, na baada ya neno hilo hapakuwa na swali jingine. Nao walikuwa watu wa lugha moja, waliochota maji katika kijito kimoja. Mwenye kudhani kwamba neno ni upepo tu, na akumbuke mwaka ule.

Waliookoka miongoni mwa watu wa ukingo huu walikimbilia Tanzania, wakafanyiwa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima, wakazaa, watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Na watoto hao, ambao hawakupata kuiona Burundi, waliitwa Warundi, tena wakimbizi. Miaka ikapita. Wengine, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa Tanzania, wengine walirejea. Waliorejea Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba ya baba zao yamelimwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 30, hata tume ya taifa ikaundwa mwaka 2006 kuamua mashauri ya ardhi. Na mtoto wa mkimbizi alipofungua kinywa shuleni, akatoka na Kiswahili mahali pa Kirundi na Kifaransa, alisikia akiitwa Mswahili, au Mtanzania. Jana kule Mrundi, leo hapa Mtanzania! Mtoto huyo aende wapi ambako ataitwa kwa jina alilopewa na mama yake?

Ndugu wasikilizaji, dini haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, waumini wamekatazwa watu wasiwadharau watu, na wasiitane kwa majina ya kuchukiza. Na katika aya ya 13 wanadamu wote wameelezwa kwamba wametokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kwamba wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Na izingatiwe sana hekima hiyo. Tofauti za watu zimetajwa kuwa ni mlango wa kujuana. Lakini anayemfumbata mwenziwe katika neno moja ameufanya mlango ule kuwa ukuta.

Labda mtu atauliza: mbona miongoni mwa sahaba walikuwako Bilali Mhabeshi, na Salmani Mfursi, na Suhaibu Mrumi? Si majina ya nchi hayo? Naam, ni majina ya nchi, na habari ya Suhaibu yatosha kuwa jibu. Suhaibu bin Sinan kwa nasaba alikuwa Mwarabu; alitekwa utotoni akalelewa kwa Warumi, na kwa sababu ya ulimi wake akaitwa Mrumi. Aliyelisikia jina lile peke yake alikosea hata nasaba yake. Lakini waliokaa naye walimjua zaidi ya jina: walijua ya kwamba alipotaka kuhama Makka kwenda Madina alizuiliwa kwa ajili ya mali yake, naye akaiacha mali yote akaenda na imani yake. Jina la nchi lilikuwa mwanzo wa habari zake, na habari zenyewe zikafuata.

Kwa hiyo halisemwi hapa kwamba majina ya mataifa yaondolewe. Hayawezi kuondolewa, na msafiri hana budi kusema anakwenda kwa nani. Linalosemwa ni kwamba neno la jumla lafaa kwa kuanzia mazungumzo, halifai kwa kuhukumu. Basi yafaa yashikwe mambo matatu.

La kwanza, mtu akisikia ikisemwa, "Watu wa kadha ni kadha," na aulize swali la pili: nani hasa, wa wapi, alifanya nini, na siku gani? Mara nyingi itabainika kwamba taifa zima limeshtakiwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyepunja mizani siku moja ya soko.

La pili, wazazi wachunge ndimi zao mbele ya watoto. Mtoto hazaliwi na neno la dharau. Hulisikia jikoni na barazani kabla hajakutana na mwenye kudharauliwa, na siku akutanapo naye huliona neno, hamwoni mtu.

La tatu, mwenye kuitwa kwa jina baya asilipe kwa jina baya. Mwenye kuitwa mjanja na ajibu kwa mizani iliyo sawa, na ahadi isiyovunjwa. Neno hupata maana mpya kwa matendo, na hili la "Mswahili" lenyewe ni ushahidi. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha iliyokuwa ikichekwa imekuwa somo la watoto shuleni. Na mwaka 2021 UNESCO ikaichagua tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Yule mama wa mlimani aliyesema "Umuswahili!" kwa hasira, huenda leo mjukuu wake yumo darasani akijifunza ngeli na methali.

Basi na irejewe pale ufukoni palipoanziwa. Mnunuzi hutazama fungu akasema "ndagala", akalipa akaenda. Na hana lawama, kwa kuwa haja yake ni kitoweo. Lakini wanadamu hawakuletwa pamoja katika ukingo huu ili wauziane kwa mafungo. Yapasa wajuane kama mvuvi alijuavyo ziwa lake, ambaye kila usiku hutoka akijua kwamba chini ya maji yale yaliyo tuli kuna zaidi ya alilokwisha kuliona.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo za watu wa milimani na wa ziwani, awarudishe salama walio mbali na makwao, awarehemu waliokufa kwa dhuluma, na azilinde ndimi za waja wake na kila neno liumizalo. Amin.